Mgongo Niliouficha kwa Mkasi

Wapendwa, mulembe. Nawasalimu nyote, mama mwenyekiti, akina mama wa hapa Kitale, na wageni wetu kutoka upande wa Kimilili na Webuye. Leo naomba msinipigie makofi kwanza. Mara ya mwisho nilipopewa hii nafasi mlipiga vigelegele mpaka watoto wa Sunday school wakaja kuchungulia, na sikustahili hata kigelegele kimoja.

Wale wa zamani mnakumbuka. Ni miaka sita sasa. Nilisimama hapa hapa nikasema mgongo wangu ulikuwa umepinda na ukanyooka baada ya maombi. Nikageuka hivi na hivi mkaniona, na kweli nilionekana nimenyooka. Ndugu zangu, nawaambia leo bila kuzunguka: kilichokuwa kimenyooka ni nguo. Nguo niliishona mimi. Mgongo ulikuwa vilevile, tena ulikuwa unaendelea kupinda nikiwa nimesimama mbele yenu. Kwa hivyo kabla ya kutoa ushuhuda wa leo, naomba msamaha kwa ule wa kwanza. Sikumsingizia Mungu kwa ubaya. Niliona aibu kuwa mtu ambaye ameombewa na hajapona.

Sasa wacha nianze mwanzo, ndio mjue mtu anafikaje hapo.

Nilizaliwa Kimilili. Nikiwa darasa la saba mwalimu wa mazoezi alitupanga laini, akatuambia tuiname tushike vidole vya miguu. Alipofika kwangu akasimama. Akaniambia, "Wewe, simama vizuri, upande mmoja umeinuka." Nikasimama vizuri, lakini hakukuwa na vizuri zaidi ya ile. Nilipomwambia mama, akasema ni vile nabeba jerikeni la maji kwa mkono mmoja, nibadilishe mkono. Nikabadilisha. Hayo mambo yakaisha hapo. Mama hakuwa mbaya, alinipa dawa aliyokuwa nayo. Lakini mimi nilibaki na neno moja kichwani, kwamba nilijiharibu mwenyewe na nisiulizie tena.

Nilipomaliza shule nikaenda Bungoma kwa dada yangu mkubwa. Yeye ni fundi wa nguo, na ndiye alinifundisha cherehani. Mnaonijua kama fundi mjue nilipikwa na huyo dada, na hakuwa anapika na moto mdogo. Ukikosea kola anakufumulia yote mbele ya mteja.

Sasa, ufundi wetu una siri zake, na leo nawatolea moja. Hakuna mtu ako sawa pande zote. Mwenye bega moja chini namwekea sponji kidogo. Mwenye tumbo namkatia mbele kirefu, ili gauni lisipande. Mtu anavaa, anajiona kwa kioo, anatabasamu, anaenda kwa harusi. Hiyo ndiyo sifa ya fundi: anasitiri. Hapa ndani nimewasitiri wengi, na sitasema nani, msiogope. Chekeni, ni sawa.

Nikaolewa huku Kitale. Mzee wangu ni mkulima wa mahindi, watu wa Moi's Bridge wanamjua kwa maneno machache. Nikafungua kibanda changu nyuma ya soko. Nikawa nawashonea nyinyi sare. Kila mwaka nilipima kila mama wa hii kanisa kwa tepu yangu, na mimi mwenyewe hakuna mtu aliyewahi kunipima. Nguo zangu nilijikatia peke yangu, pazia likiwa limefungwa.

Baada ya kitinda mimba wangu, nikikaribia arobaini, mgongo ukaanza kuuma. Si kuuma kwa siku ya kulima, ule unajua kesho utaisha. Huu ulikuwa unakaa. Nikishona saa moja, natafuta ukuta nijiegemeze. Na nikaona pindo la sketi yangu limepanda upande wa kushoto. Fundi akiona pindo limepanda anafanya nini? Anashusha. Nikashusha vidole viwili, nikaweka na sponji kwa bega. Mwaka uliofuata vidole vitatu. Halafu vinne. Mwenye akili hapa angeuliza, mbona pindo linapanda kila mwaka na kitambaa ni kilekile? Mimi nilikuwa najisifu ati mkono wangu umekuwa mzuri.

Maumivu nayo hayasikii sifa. Kuna mtu kijijini aliniambia mgongo umetoka, akanilaza chini akaukanyaga kwa miguu yake miwili. Sikutembea wiki nzima. Nikanunua mkanda wa kufunga kiuno, nikaufunga mpaka nikawa siwezi kukaa bila huo. Nikaanza tembe za maumivu kutoka kwa duka la dawa, asubuhi na jioni, bila kuulizwa na mtu. Siku moja nikatapika damu kwa sinki ya jikoni. Mzee akaona. Nikamwambia nimekula kitu kibaya. Mnaona vile uongo hauishi njaa? Ukiulisha mgongo, unataka na tumbo.

Wakati huo ndio mliniombea, na ndio nilisimama hapa nikasema nimepona. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikalia, kwa sababu sasa nilikuwa nimejifungia mlango. Mtu aliyepona haendi hospitali.

Miaka ikaenda. Mwaka jana kabla ya mkutano wa akina mama kule Webuye, nilikuwa nimeshona sare zenu zote na yangu bado. Nikakaa kwa mashini niikate. Mguu wa kulia ukakataa pedeli. Sikuwa nasikia nyayo. Nilikuwa natazama mguu wangu chini na naona umelala pale tu. Nikasimama, ukajikunja, nikaanguka juu ya vitambaa. Hapo ndipo niliogopa. Maumivu nilikuwa nimeyazoea, lakini mguu ni kazi yangu.

Hata hapo, ndugu zangu, sikuwaza hospitali. Niliwaza sare. Nikampa mzee kitambaa ampelekee dada yangu Bungoma, na karatasi ya vipimo nimeandika mwenyewe. Dada akairudisha. Akamwambia mzee, "Mwambie mimi sikati mtu sijampima. Aje."

Shule zilikuwa zimefungwa, nikaenda na kitinda mimba wangu. Ni msichana, wakati huo alikuwa na miaka kumi na tatu. Alikuwa na sketi yake ya shule imeharibika zipu, nikasema mama yake mkubwa atairekebisha huko huko.

Dada alinisimamisha katikati ya nyumba. Akapima kutoka bega hadi chini, kulia. Akapima kushoto. Akaangalia tepu kama iko na kasoro. Akapima tena. Akaweka tepu mezani. Akaniuliza, "Nani amekuwa akikukatia nguo?"

Nikasema, "Mimi."

"Vua hiyo."

Nikavua, nikajifunga leso. Akalaza gauni langu mezani, akalikunja katikati, mshono kwa mshono, vile alinifundisha nikiwa msichana. Pande mbili hazikukutana hata karibu. Akaona sponji, akaona pindo. Akasema, "Hii nguo imeshonwa na akili nyingi sana. Sijui kama mimi ningeweza. Kwa nini hii akili hukuipeleka hospitali?"

Nikasema tu, "Dada, shona hiyo sare, ni ya mkutano."

Akasema atashona, lakini atashona nguo ya mtu aliyenyooka, niivae watu waone nilivyopinda. Nikakasirika. Nikamwambia yeye hajui aibu. Tulirushiana maneno pale, siwezi kuyarudia na mchungaji ameketi. Ili aache kunitazama, nikamwambia, "Basi mrekebishie mtoto zipu tuende zetu."

Akachukua sketi ya mtoto. Na fundi mzuri kabla hajafumua kitu anakikunja kwanza aone mistari. Akaikunja katikati.

Pande hazikukutana.

Ilikuwa kidogo, ndugu zangu, kidole kimoja. Marinda ya kushoto yalikuwa marefu kuliko ya kulia kwa kidole kimoja. Dada aliangalia sketi, akaniangalia mimi. Msichana alikuwa kwa stuli pale mlangoni anakula hindi la kuchoma, hajui lolote. Nikasema, "Ni kitambaa kimevutika."

Dada akaniambia polepole, "Usinidanganye. Mimi ndiye nilikufundisha hiyo."

Wapendwa, hapa ndipo pagumu kwangu, na ndipo nimekuja kusema. Mtaniuliza, ulijua? Nimejiuliza hilo swali siku nyingi. Mikono yangu ilijua. Nilipomshonea mtoto sketi ya kwanza ya sekondari, aliivaa, nikaona pindo limepanda upande mmoja. Sikusema chochote kwa roho yangu. Nikachukua chaki nikashusha. Ilikuwa kazi ya dakika tano, nikaendelea na nguo ya mtu mwingine. Kwa hivyo ndiyo, nilijua. Nilimsitiri mtoto wangu kama mteja. Na mwenye kumuumiza mtoto si lazima amchape.

Dada akamwita. Akamwambia, "Kuja mama, inama mbele, mikono iachilie." Mtoto akainama, akidhani ni mchezo. Mgongo wake tukauona wote wawili. Mbavu za upande mmoja zilikuwa zimeinuka, kama vile yule mwalimu aliona kwangu. Dada aliweka mkono mdomoni.

Mtoto akainuka, akatuangalia. "Kwani niko na nini? Mum, si uniambie?"

Nikamwambia mgongo wake umepinda kidogo, kama wangu.

"Ulikuwa unajua?"

Nikasema ndiyo.

Hakulia, na mimi ningependa angelia. Aliweka hindi chini, akatoka nje, na hakuniongelesha siku mbili. Niliumia ile siku kuliko siku zote za mgongo. Mgongo unauma mwili, lakini macho ya mtoto wako yakikuona mwongo, hakuna tembe yake.

Baada ya hizo siku mbili, mimi, dada na msichana tulienda Eldoret, hospitali kubwa, kwa daktari wa mifupa. Sikuwa nauogopea mguu wangu tena. Nilikuwa nauliza kitu kimoja tu: je, nimemchelewesha?

Tukapigwa picha za eksirei, sisi wawili. Daktari akaziweka kwa taa, yangu na yake, kando kwa kando. Yangu ilikuwa imepinda hivi, ikarudi hivi. Yake ilikuwa inaanza kufuata njia ileile.

Daktari alikuwa mtu mtaratibu. Nilimuuliza, ni maji niliyobeba? Akasema hapana, mzigo hauleti hiyo. Ni kukaa vibaya kwa mashini? Hapana, hiyo inaongeza maumivu lakini haipindi mgongo hivyo. Nikashusha sauti nikamuuliza, ni laana? Akatabasamu, akasema katika picha zote alizosoma hajawahi kuona laana. Akaniambia inaitwa skoliosisi, uti wa mgongo unapinda kwenda upande na kujizungusha. Mara nyingi chanzo hakijulikani, na wakati mwingine inatembea kwa familia.

Akanieleza kwa mtu mzima inakuja kwa njia mbili. Kuna yule alianza nayo utotoni, haikuonekana, ikabeba umri pamoja naye. Huyo ni mimi. Na kuna mwingine alikuwa amenyooka maisha yake yote, halafu uzeeni zile pingili na vile vipande laini vilivyo katikati yake vinaisha, upande mmoja unalala kuliko mwingine, mgongo unainama. Mama zetu wengi tunaowaona wakiegemea upande mmoja, tunasema ni uzee tu. Huenda ni hiyo. Kwangu mimi zilikuwa zimekutana zote mbili, kupinda kwa zamani na kuisha kwa sasa, na neva ya mguu ilikuwa imebanwa katikati. Ndio mguu ukalala.

Nikamuuliza, utanyooka? Akasema, "Mama, sitakudanganya. Wako hautanyooka kwa mazoezi, wala kwa mkanda, wala kwa kukanyagwa." Aliposema kukanyagwa nilijua dada amemwambia. Akasema upasuaji upo, lakini wengi hawauhitaji, tuanze na mazoezi ya kuipa misuli nguvu, tuache zile tembe za kujinunulia, na tuchunge mguu. Akanionya kama siku moja nitashindwa kuzuia mkojo, au ganzi ishike mapajani ndani, au mguu ulegee ghafla, nisingoje kesho.

Halafu ikawa zamu ya mtoto. Dada ndiye aliuliza. Daktari akasema mtoto bado anakua, na wakati wa kukua ndio wa kushikilia. Atavaa kifaa cha plastiki kiunoni mpaka kifuani, saa nyingi kwa siku, mpaka amalize kurefuka. Si cha kunyoosha, ni cha kuzuia isiendelee. Akasema, "Mngekuja akiwa amemaliza kukua, hiki kifaa hakingekuwa na kazi." Akamaliza hapo, hakunilaumu. Nilijilaumu mwenyewe njia yote ya kurudi.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mzee kila kitu, hata ile damu ya sinki. Yule mtu wa maneno machache akasema, "Kwa hivyo nimekuwa nikilala na mgonjwa na sijui." Alihuzunika kweli. Kesho yake akachukua kazi yangu ya kubeba majerikeni ya maji na hajanirudishia mpaka leo.

Nikaanza mazoezi hapa Kitale na msichana mmoja wa fizio, wale wanaotibu kwa mazoezi, wa umri wa kifungua mimba wangu. Ananilaza kwa mkeka ananiambia, "Mama, pumua upande huu." Kupumua na mbavu! Nilikuwa nadhani ananichezea. Siku za kwanza nilitoka nikilia. Mwezi wa tatu wa mazoezi nikasikia vidole vya mguu. Nilikaa pale kwa mkeka nikavisogeza kimoja kimoja, mbele ya yule msichana, na yeye akapiga makofi peke yake. Mguu umerudi, si wote, lakini umerudi. Mashini nimeweka mota. Kila nusu saa nainuka natembea mpaka kwa muuza mboga na kurudi, anadhani nampenda sana. Maumivu bado yako. Kuna siku nakaa nayo tu. Lakini sikai nayo peke yangu.

Mtoto alipopata kile kifaa, nikachukua kitambaa kumshonea yunifomu mpya. Nikawa nafikiria pa kupanua ili kisionekane. Akanikuta na chaki mkononi. Akaniambia, "Mum, usinishonee ya kuficha. Shona ya kunitosha." Ndugu zangu, nimeshona miaka mingi, na hakuna mteja amewahi kunipa kipimo kama hicho. Nikashona ya kumtosha. Shuleni walimcheka wiki mbili, akawaeleza, wakachoka. Tulipomrudisha kupigwa picha juzi, daktari akalinganisha na ya kwanza. Haujasonga. Umekaa pale pale.

Ninashukuru. Namshukuru dada yangu aliyekataa kunisitiri. Namshukuru daktari kwa kuniambia la kweli, na yule msichana wa fizio kwa subira. Namshukuru mzee. Nawashukuru nyinyi kwa yale maombi, ambayo hayakupotea, mimi ndiye niliyapokea vibaya. Mungu alikuwa amejibu, akaweka hospitali, nami nikachukua mkasi. Na ninamshukuru binti yangu. Sijui kama amemaliza kunisamehe. Tunaendelea.

Funzo langu si refu. Mtoto wako akifika umri wa kurefuka, mwambie ainame mbele, umwangalie mgongo kwa macho ya mama. Ukiona upande mmoja umeinuka, nenda naye hospitali wiki hiyo. Na wewe mtu mzima, ukiona bega limeshuka, upande mmoja wa kiuno umeingia, umefupika, unachoka ukisimama, usiseme ni uzee, na usikubali mtu akukanyage. Kupinda kwa mgongo si aibu wala si adhabu. Wengi wanaishi nao vizuri. Kilichoniangusha mimi ni kuufanya siri.

Binti yangu ako hapa ndani. Nilimwomba ruhusa ya kusema haya, akasema, "Sema mum, lakini usiniite mbele." Sitamwita. Huo mwili ni wake.

Lakini huu ni wangu. Mama mwenyekiti, nishikie kipaza sauti na hili sweta. Hii blauzi imekatwa sawa pande zote, haina sponji. Sasa ninageuka, ndugu zangu, na nitasimama hivyo kidogo. Niangalieni mgongo wangu.